Matumbawe yamejikunja: kutafuta kasoro ya maji ya tangi la bahari ukiwa Kampala

Uganda haina bahari. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, kwa hiyo karibu kila lita ya maji ya chumvi iliyomo kwenye tangi lako umeitengeneza mwenyewe, kwa maji ya hapa na chumvi iliyoagizwa kutoka nje. Hilo ni gharama, lakini lina faida yake: maji yakiharibika, chanzo kimo ndani ya nyumba yako na ukikitafuta utakipata.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanzia mwisho. Tumbawe likijikunja asubuhi, mtu anamwaga chupa fulani kabla ya saa nne, na jioni ndipo anapima. Kufikia hapo huwezi tena kujua kilichoharibu na kilichotengeneza. Mimi nafuata mpangilio mmoja na nausisitiza kwa kila anayeniuliza: shuku kipimo kwanza, kisha chumvi, kisha KH, yaani akiba ya kabonati majini. Mengine yote yanasubiri.

Viwango vya kulenga kwa tangi la nyumbani lenye matumbawe mchanganyiko ni hivi: chumvi gramu 35 kwa kilo moja ya maji, yaani uzito linganifu wa karibu 1.026, joto nyuzi 25 hadi 26, KH kati ya 7 na 9, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, pH kati ya 7.9 na 8.4, naitreti kati ya 2 na 10, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Amonia isionekane kabisa. Usivihangaikie vyote kwa uzito mmoja. Tumbawe linaweza kuishi miaka kwa KH ya 7 au kwa KH ya 9. Linaloliua ni kupelekwa 7, kisha 10, kisha 7 tena ndani ya wiki moja.

Namba hazieleweki

Jana KH ilikuwa 8, leo 11, na hukuongeza kitu. Kabla ya kuamini kwamba maji yamebadilika, rudia kipimo. Angalia tarehe ya mwisho kwenye chupa za dawa ya kupimia. Vipimo vingi vinavyofika hapa vimekaa safarini na dukani muda mrefu, na joto huviharibu upesi. Suuza kichupa na sirinji kwa maji safi yaliyochujwa, kisha kwa maji ya tangi lenyewe. Unapovuta maji kwa sirinji, hakikisha hakuna kiputo cha hewa kwenye ncha. Chupa ya matone ishikwe wima kabisa, maana ukiilaza kidogo tone linakuwa dogo, na KH inasomeka juu kuliko ilivyo. Tikisa baada ya kila tone. Rangi ikianza kugeuka, kaa nayo sekunde kadhaa dirishani, mchana, si chini ya taa ya bluu ya tangi.

Vipimo viwili vikikubaliana, sasa una habari. Visipokubaliana, una kipimo kibovu au mkono wenye haraka, na hakuna cha kumwaga tangini bado.

Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi kwa mwanga, ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Kuirekebisha kwa maji matupu ili isome sifuri hakutoshi, kwa sababu inaweza kuwa sahihi penye sifuri na kupotoka kabisa penye 35. Njia ya kuihakiki bila kuagiza chochote ni hii: pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu, tia kwenye gramu 963.5 za maji yaliyochujwa, koroga hadi iyeyuke yote. Mchanganyiko huo unapindisha mwanga sawa na maji ya bahari ya 35, hivyo refraktomita inapaswa kusoma 35. Unahitaji mizani ya jikoni inayoonyesha sehemu ya kumi ya gramu. Uweke kwenye chupa iliyofungwa vizuri na uutumie kila mwezi.

Kila kitu kimenywea kwa pamoja

Matumbawe laini na magumu yamefunga siku hiyohiyo, konokono wamekaa bila kusogea, lakini samaki wanakula. Hali ya namna hii mara nyingi ni chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki. Tangi la lita 200 linalopoteza lita mbili kwa siku litatoka 35 hadi karibu 37.6 ndani ya wiki moja kama hujalijaza. Kosa linalofanana na hilo, na ambalo ni baya zaidi kwa kuwa halionekani haraka, ni kujazia maji ya chumvi badala ya maji matupu.

Kurudisha kutoka 38 hadi 35 katika tangi lenye lita 200 za maji, unahitaji kutoa lita 16 za maji ya chumvi na kuweka lita 16 za maji matupu. Usifanye kwa mkupuo. Lita nne au tano kwa siku zinatosha, siku tatu au nne. Kumbuka kwamba mawe na mchanga vinachukua nafasi: tangi linaloitwa la lita 200 mara nyingi lina maji lita 160 au 170 tu, na hesabu ya dawa yoyote ifuate maji halisi.

Angalia pia ndoo ya chumvi yenyewe. Unyevu wa Kampala hugeuza chumvi kuwa jiwe ikiachwa wazi, na kipimo cha kikombe kinapoteza maana. Kwa chumvi iliyoganda, pima kwa mizani na uhakikishe kwa refraktomita. Ikiwa baada ya saa kadhaa za kukoroga bado kuna masalia meupe chini na KH ya maji mapya iko chini sana, ndoo hiyo usiitumie.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu chumvi ya Katwe, kwa kuwa ni ya hapahapa na ni rahisi. Haifai. Ziwa Katwe ni ziwa la magadi: chumvi yake ina sodiamu, kloridi, salfeti na kabonati nyingi, lakini kalsiamu na magnesiamu ni kidogo mno. Ulimi hauwezi kutofautisha, tumbawe linaweza. Hata chumvi ya mezani ni ya kuhakiki refraktomita tu, si ya kutengeneza bahari.

Ncha zimekuwa nyeupe, au ngozi inabanduka kutoka chini

Hapa ndipo KH inapoingia, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu katika matangi niliyoyaona hii ndiyo sababu inayoua matumbawe magumu kuliko nyingine zote.

Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati. KH ndiyo akiba ya hiyo kabonati majini. Katika ujenzi huo, kila KH 1 inayotumika huenda na kalsiamu miligramu 7 hivi kwa lita. Linganisha akiba zenyewe: kalsiamu 420 ni akiba kubwa, KH 8 ni ndogo. Tangi lenye matumbawe mengi linaweza kumaliza KH 1 au 2 kwa siku huku kalsiamu ikionekana haijasogea. Kwa hiyo anayepima kalsiamu kila wiki na KH mara moja kwa mwezi anatazama upande usio na hatari.

Ncha zilizoungua na kuwa nyeupe huku sehemu nyingine ya tumbawe ikiwa na rangi nzuri: pima KH pamoja na naitreti na fosfeti. Mara nyingi KH iko juu, 10 au 11, na chakula majini kiko karibu na sifuri. Mifupa inakua haraka kuliko ngozi. Acha kuongeza, iache ishuke yenyewe, na lisha samaki zaidi kidogo.

Ngozi inayobanduka kutoka chini kwenda juu, polepole, siku hadi siku: tafuta mruko wa KH. Pima asubuhi na jioni kwa siku tatu mfululizo, uandike. Ikiwa tofauti ni zaidi ya KH 1, umepata chanzo, na swali linalofuata ni nani anayeirusha. Mara nyingi ni pampu ya kuongeza dawa. Umeme ukikatika na kurudi, saa za bei nafuu hupoteza kumbukumbu na kuanza upya, na pampu inatoa dozi ya asubuhi mara ya pili. Saa za kuzungusha kwa mkono husimama wakati umeme haupo, kwa hiyo baada ya wiki ya kukatikakatika taa inawaka usiku. Nenda kaangalie saa kabla ya kuangalia maji. Kinga ya uhakika ni saa yenye betri ndani yake.

Ikiwa KH iko chini tu, bila kuruka, ipandishe kwa baikabonati ya soda, ile ya kuokea. Gramu 3 hupandisha lita 100 kwa KH 1. Yeyusha kwenye maji yaliyochujwa, mimina taratibu mahali penye mkondo mkali, na usipandishe zaidi ya KH 1 kwa siku. Soma pakiti vizuri dukani: beking pauda ina tindikali na wanga ndani yake, na magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine chenye uchafu wake. Pakiti iandikwe baikabonati ya sodiamu peke yake.

Maji yamekuwa maziwa

Dada mmoja wa Ntinda alinitumia picha usiku: tangi lote jeupe, samaki hawaonekani. "Kaka, nimeongeza soda na kalsiamu, maji yamegeuka maziwa. Nibadilishe yote?"

"Usibadilishe wala usiongeze kitu, dada. Acha pampu zifanye kazi na uweke kipulizio cha hewa."

Kilichotokea ni kwamba dawa mbili zilikutana kabla hazijatawanyika, zikaungana na kuwa kalsiamu kabonati, yaani chokaa, ikabaki ikielea. Ukipima wakati huo utaona KH na kalsiamu zote zimeshuka chini ya pale ulipoanzia, na hapo ndipo mtu anashawishika kuongeza tena na kutengeneza wingu la pili. Wingu hutulia lenyewe ndani ya siku moja hivi, wakati mwingine mbili. Matumbawe mengi huvumilia. Siku ya tatu pima, kisha pandisha KH 1 kwa siku. Tangu hapo, soda iingie asubuhi na kalsiamu jioni, kila moja peke yake. Ukitumia kalsiamu kloridi yenye maji ndani yake, ile ya chembe, gramu 3.7 hupandisha lita 100 kwa miligramu 10.

Unaongeza kila siku, hazipandi

Hita na pampu zimevaa ganda jeupe gumu, KH na kalsiamu zinagoma. Pima magnesiamu. Kazi yake moja kubwa ni kuzuia chokaa isijitengeneze ovyo majini. Ikishuka chini ya 1,200, unachoongeza kinaishia kwenye hita. Pandisha magnesiamu kwanza, isizidi miligramu 100 kwa siku, na zile mbili zitaanza kutii zenyewe. Magnesiamu kloridi ya chembe, gramu 8.4 kwa lita 100 hutoa miligramu 10. Chumvi ya Epsom ya duka la dawa inafaa kwa marekebisho madogo, lakini si kwa miezi, kwa sababu salfeti hujikusanya. Ganda lililopo loweka kwenye siki.

pH iko chini

Hili linatisha watu kuliko linavyostahili. pH ya 7.9 alfajiri ni jambo la kawaida, kwa kuwa usiku mwani haunyonyi hewa ya kaboni. Kama haipandi hata mchana, chukua kikombe cha maji ya tangi, kipeleke nje uwanjani, kipulizie hewa kwa saa moja, kisha pima. Ikipanda, tatizo ni hewa ya ndani ya nyumba: sigiri inayowaka karibu, jenereta, madirisha yaliyofungwa usiku kucha, watu wengi chumba kimoja. Dawa ni dirisha, au kuvuta kutoka nje mpira wa hewa ya skima, kile chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu. Isipopanda, angalia KH.

Maji ya chokaa, yaani kalsiamu haidroksidi safi, hupandisha pH, KH na kalsiamu kwa pamoja. Yaingie tone kwa tone, na ujikinge macho na ngozi kwa kuwa yanaunguza. Lakini chokaa ya kupaka ukuta usiitie tangini hata kijiko, kwa sababu haikusafishwa kwa kazi hii.

Mwani wa kijani unafunika mawe, na fosfeti inasoma sifuri

Inasoma sifuri kwa sababu mwani umeshaila. Amini macho. Sasa fuatilia inakoingilia, na milango ni miwili.

Mlango wa kwanza ni chakula. Mukene mkavu uliopondwa, yaani dagaa, ni chakula kizuri kwa kuku, lakini ni samaki mzima na mifupa yake, umejaa fosfeti, na mwingi huanikwa mchangani. Ukilisha mukene, lisha mbichi iliyosuuzwa na kwa kipimo kidogo.

Mlango wa pili ni maji matupu. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini. Ni laini, lakini si safi kwa kiwango cha tumbawe. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, fosfeti na silika zinabaki. Unahitaji kichujio cha RO, kinachosukuma maji kupitia utando, chenye hatua ya resini mwishoni, na kipimo cha TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini) kinachosoma 0 kwenye maji yanayotoka. Ikiwa kichujio chako kinatoa maji kidogo na TDS haishuki, usilaumu utando haraka. Utando unataka mgandamizo wa bar 3 hadi 4. Tangi la maji lililoinuliwa mita 5 juu ya mnara linakupa nusu ya bar tu. Pampu ndogo ya kusukuma humaliza tatizo hilo. Hatua ya kaboni nayo ibadilishwe kwa wakati, maana klorini ikipita inatoboa utando.

Ukitumia chembe za chuma za kunyonya fosfeti, anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa. Kushusha kwa ghafla kunadhuru matumbawe kuliko mwani wenyewe.

Nyuzi za kahawia zenye viputo

Tofautisha. Vumbi la kahawia lisilonata kwenye tangi jipya ni mwani wa silika, litaondoka. Utando mwekundu unaobanduka kama karatasi ni bakteria, na mara nyingi unapenda mahali pasipo na mkondo. Lakini makamasi ya kahawia yenye viputo, yanayopungua usiku na kurudi saa sita mchana, mara nyingi ni dinoflajelata, na hawa hustawi pale naitreti na fosfeti zilipomalizwa kabisa. Kusafisha zaidi kunawasaidia. Acha kubadilisha maji kwa muda, punguza skima, toa chembe za chuma, lisha, hadi naitreti ifike 5 na fosfeti 0.05, uzishike hapo. Konokono wanaokula hao wanaweza kufa, kwa hiyo waondoe wafu haraka.

Konokono na kamba wanakufa, samaki hawana neno

Fikiria metali. Swali langu la kwanza kwa mwenye tangi wa hapa ni: je, ulitumia maji ya mvua? Mvua yenyewe ni safi, lakini ikipita juu ya mabati inachukua zinki, na zinki huua wasio na uti wa mgongo kwa kiwango ambacho samaki hakihisi. Swali la pili: je, kuna koki ya shaba nyeupe au nyekundu popote kwenye njia ya maji, au uliwahi kutibu samaki kwa dawa ya shaba ndani ya tangi hilo? Shaba huingia kwenye mawe na kuachia polepole kwa miezi. Tia kaboni mpya na kichujio kinachonyonya metali, badilisha robo ya maji kwa maji mapya ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya RO, rudia baada ya siku mbili, na usiweke konokono mpya hadi mmoja wa majaribio aishi wiki tatu.

Samaki wanahema juu ya maji

Hii haingoji mpangilio. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa hubeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani. Umeme ukikatika usiku, tangi lililojaa samaki halina muda mrefu. Washa kipulizio cha betri mara moja. Huna, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu kila dakika chache.

Wakipata nafuu, ilikuwa oksijeni. Wasipopata, pima amonia. Katika pH ya 8.2 sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7, kwa hiyo rangi hafifu ya kijani kwenye kipimo ni dharura. Tafuta mfu nyuma ya mawe, acha kulisha, badilisha asilimia 30 ya maji kwa maji mapya yenye chumvi na joto sawa. Usipandishe pH wala KH siku hiyo. Umeme ukikosekana kwa zaidi ya saa nane, chujio lililofungwa lenye sifongo ndani lifungue na ulisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, maana bakteria waliokosa hewa humo watakuwa wamekufa na pampu itaurudisha uozo huo wote tangini kwa mkupuo mmoja.